Nta Tunauza, Mishumaa Tunanunua



Ndugu msomaji, ukiingia sakristia ya kigango chochote hapa Tabora, fungua kabati la mishumaa uangalie. Katika zile nilizowahi kuzifungua mimi nimekuta pakiti za dukani: mishumaa myeupe, laini, inayopinda wakati wa joto la Oktoba kama ndizi. Imetengenezwa kwa parafini, ambayo ni zao la mafuta ya petroli. Nje ya kanisa hilohilo, mwendo wa saa moja kwa baiskeli, ipo miti ya miombo iliyotundikwa mizinga, na ndani ya mizinga hiyo ipo nta ambayo watu wa mbali wanaitafuta kwa fedha. Nta inaondoka Tabora, mishumaa inaingia Tabora. Nadhani parokia zetu zinaweza kuacha biashara hii ya ajabu, na kwamba kuiacha ni kazi ya mikono isiyozidi uwezo wa kundi la vijana wenye sufuria mbili.

Wazo hili lilinijia kwa njia ya mzunguko kidogo. Vijana wenzangu walioko mijini wamependa sana siku hizi kutengeneza mishumaa ya nta ya soya nyumbani. Wananunua nta kama vipande vya sabuni vilivyoparuzwa, wanaiyeyusha, wanatia manukato, wanamimina kwenye glasi, wanauza kwa harusi na zawadi. Sina ugomvi nao. Ni kazi safi na inampa mtu riziki. Lakini nta ya soya haikamuliwi jikoni. Mafuta ya soya hupitishwa kiwandani katika haidrojeni mpaka yagande, na hiyo inayouzwa kwetu huagizwa kutoka nje. Tena ni laini mno: hukaa vizuri ndani ya glasi, lakini ukiisimamisha peke yake juu ya kinara cha altare haitasimama kwa heshima. Nikajiuliza, mtu wa Kwihara ana sababu gani ya kuagiza nta?

Wasomaji wasio wa Tabora wajue kwamba Kwihara ni kijiji kilicho karibu na mji, kinachojulikana zaidi kwa tembe alilokaa Dkt. Livingstone. Yeye na Stanley walifika hapo Februari 1872 wakitoka Ujiji. Stanley aliondoka Machi kuelekea pwani, na Livingstone akabaki akisubiri wapagazi na mizigo hadi Agosti mwaka huohuo. Mwaka uliofuata mwili wake ukapitishwa hapohapo, umebebwa na akina Susi na Chuma kwenda Bagamoyo. Leo tembe ni makumbusho, na watalii wachache hufika, hupiga picha mlango uliochongwa, huondoka.

Mimi ninapopita pale huwa nafikiri juu ya mizigo. Unyanyembe yote ilikuwa ghala la njiani. Kutoka pwani vilikuja vitambaa, shanga na nyaya za shaba, vikiwa vichwani na mabegani mwa Wanyamwezi, kila mtu na mzigo wa takribani frasila mbili. Kurudi pwani zilikwenda pembe za ndovu, na vilevile walikwenda watu waliofungwa minyororo, jambo ambalo hatupaswi kulipamba tunapowasimulia wageni habari za njia ya misafara. Watawala walibadilika, reli ikafika Tabora mwaka 1912, lakini mwelekeo wa mizigo haukubadilika sana. Cha kwetu kinatoka kikiwa kibichi, cha wengine kinaingia kikiwa kimekamilika. Nta ni mfano mdogo tu. Naupenda kwa sababu ni mdogo kiasi kwamba parokia moja inaweza kuubadilisha bila kusubiri serikali wala mfadhili.

Sasa tuje kwenye mambo ya Kanisa. Maelekezo ya Jumla ya Misale ya Kirumi, namba 117, yanataka mishumaa isiyopungua miwili katika kila adhimisho la Misa, au minne, au sita hasa kwa Misa ya Dominika na sikukuu za amri, na saba anapoadhimisha Askofu wa jimbo. Hayasemi iwe ya nta ya nyuki. Zamani ilikuwa hivyo: mwaka 1904 Roma ilielekeza kwamba mshumaa wa Pasaka na ile miwili ya Misa iwe kwa sehemu kubwa kabisa ya nta ya nyuki. Baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano mlango ukafunguliwa kwa vitu vingine, mradi moto uwe hai, usitoe moshi mbaya wala kuchafua vitambaa. Kwa hiyo paroko anayewasha parafini hatendi kosa lolote, na Misa yake ni Misa. Naliandika hili wazi ili mtu asije akaenda kumsumbua paroko wake kwa jina langu.

Kwa mshumaa wa Pasaka, hata hivyo, lugha ni kali zaidi. Barua juu ya maandalizi na maadhimisho ya sikukuu za Pasaka, iliyotolewa na Idara ya Ibada ya Vatikani mwaka 1988, inasema katika namba 82 kwamba ili ishara iwe ya kweli mshumaa huo uwe wa nta, uwe mmoja, uwe mkubwa vya kutosha, ubadilishwe kila mwaka, na usiwe kamwe wa bandia. Kila anayejua sakristia anajua tunavyokwepa hapa. Kuna bomba la plastiki lililopakwa rangi nyeupe, juu yake kikombe cha mafuta. Kuna mshumaa wa mwaka juzi uliobandikwa tarakimu mpya juu ya zile za zamani. Halafu usiku wa Kesha la Pasaka shemasi anasimama mbele ya bomba hilo na kuimba Mbiu ya Pasaka, ambayo ndani yake Kanisa linamtolea Mungu mshumaa huo kama kazi ya nyuki na ya mikono ya watumishi wake. Nyuki wametajwa katika sala kuu ya usiku mkuu kuliko yote! Na sisi, watu wa nchi ya asali, tunaimba maneno hayo mbele ya plastiki.

Najua hoja inayokuja hapa: ni gharama, na parokia ina paa linalovuja. Basi tupige hesabu. Mshumaa wa nta ya nyuki wa unene wa kawaida huunguza takribani gramu 5 hadi 7 kwa saa. Chukua parokia yenye Misa kila siku na Misa mbili za Dominika: kwa juma altare inakuwa na moto kwa saa nane hivi. Kwa mwaka ni saa mia nne na kidogo. Mishumaa miwili, basi ni saa mia nane na zaidi za moto. Zidisha kwa gramu 6 au 7, unapata kilo tano hadi sita za nta. Weka kilo nyingine nne kwa mshumaa wa Pasaka wenye heshima. Jumla ni kilo kumi hivi kwa mwaka mzima.

Kilo kumi za nta zinatoka wapi? Kwa mizinga yetu ya kienyeji, ambayo sega hukatwa na kukamuliwa, hupatikana kilo moja ya nta kwa kila kilo kumi hadi kumi na tano za asali. Kwa hiyo tunazungumzia nta inayobaki baada ya kuuza kilo mia moja hadi mia moja na hamsini za asali. Hiyo ni mizinga kumi, au kumi na miwili mwaka ukiwa mbaya. Zipo familia Kwihara na Sikonge zenye mizinga mingi kuliko hiyo mara tano. Na kumbuka asali yenyewe imeuzwa, fedha yake imekwenda kwenye lile paa. Nta imebaki bure, kama machicha ya nazi baada ya tui.

Kwa kweli nta nyingi hutoka mahali ambapo mwandishi wa gazeti la seminari hatarajiwi kupataja: kwenye wanzuki. Pombe hii ya asali ni ya zamani katika Unyamwezi, na jina lake lenyewe lina nyuki ndani. Mpishi wa wanzuki huloweka sega na asali yake kwenye maji, hukamua, na mkononi hubaki na donge la nta chafu. Wengine huliuza kwa mnunuzi anayepita na mizani. Wengine hulitupa, likaliwa na nondo. Sitaki kufungua hapa mjadala wa pombe, Mkuu wa Nidhamu anasoma gazeti hili. Nasema tu kwamba mama huyo anayepika wanzuki yumo katika jumuiya ndogo ndogo, anatoa zaka, na tunaweza kununua donge lake kwa bei ya haki kabla ya nondo.

Katika mwaka wangu huu wa falsafa nimekutana na nta mahali pawili vitabuni, na zote zimenisaidia kufikiri. Aristotle, katika kitabu cha pili cha utafiti wake juu ya nafsi, anasema hakuna haja ya kuuliza kama nafsi na mwili ni kitu kimoja, kama vile hatuulizi kama nta na umbo lililopigwa juu yake ni kitu kimoja. Karne nyingi baadaye, mwaka 1641, Descartes katika Tafakari yake ya pili anachukua kipande cha nta kilichotoka mzingani karibuni, bado kina ladha ya asali na harufu ya maua, kikigongwa kinatoa sauti. Anakisogeza karibu na moto. Ladha inatoweka, harufu inapotea, umbo linabadilika, na kigumu kinakuwa kimiminika. Hata hivyo tunasema nta ni ileile. Basi, anahitimisha, nta hatuijui kwa macho wala pua wala vidole, bali kwa akili peke yake.

Ni hoja kubwa na sina nia ya kuibomoa katika aya moja, hasa kabla ya mitihani. Ila nilipomweleza babu mmoja mrina asali wa jirani yetu, mtu aliyezeeka kati ya moshi na masega, alicheka mpaka akakaa chini. Harufu ya nta, aliniambia, haipotei kwa moto. Hapo ndipo inapoanza! Ukiyeyusha nta uani kwako, jirani wa nyumba ya tatu anajua. Ikiganda tena, inuse: asali ipo. Nikaenda kuhakikisha kwa pua yangu, na babu ana haki. Kama Descartes alikuwa anatafuta mfano wa kitu kinachopoteza harufu, angechagua kingine. Aliitazama nta iliyo mezani kwake, lakini hakuwa na sababu ya kutengeneza nayo kitu, na mtu anayetengeneza hukutana na mambo ambayo mtazamaji hayaoni.

Huo ndio msingi wa maoni yangu, kuliko hata hesabu ya kilo. Sisi mafrateri tunasoma kwamba ishara za liturujia huchukua vitu vya dunia, maji, mafuta, mkate, moto, na Papa Fransisko katika Laudato Si' ya mwaka 2015 anafundisha kwamba katika sakramenti viumbe huinuliwa na Mungu. Tunayaandika kwenye mtihani na kupata alama. Lakini kitu kinachokuja ndani ya pakiti hakina historia kwetu. Hatujui kimetoka wapi, nani amechoka kwa ajili yake. Mkristo aliyeona sega likichemka anapouona mshumaa ukipungua juu ya altare anajua ni kitu gani kinapungua. Inasemwa kwamba nyuki hula kilo sita hadi nane za asali ili kutoa kilo moja ya nta. Mtu aliyejua hilo hataacha mishumaa sita iwake kwa ajili ya picha za harusi nusu saa baada ya Misa kuisha.

Kazi yenyewe nieleze kwa urefu kidogo, maana maoni bila sufuria hayawashi kitu.

Kwanza ni kusafisha nta. Masega yaliyokamuliwa hulowekwa usiku kucha kwenye maji, ya mvua yakipatikana, ili asali iliyobaki itoke. Kisha yanafungwa ndani ya kitambaa kizito au kipande cha gunia safi, yanawekwa kwenye maji ya moto na kukandamizwa kwa mti. Nta hupenya na kuelea juu, uchafu hubaki ndani ya gunia. Acha vipoe taratibu hadi kesho yake. Utakuta mkate wa nta juu ya maji, chini yake tope la kahawia ambalo unalikwangua kwa kisu. Rudia mara mbili. Chombo kiwe cha chuma kisichoshika kutu au bakuli kubwa la enameli. Sufuria ya chuma tupu au ya shaba huitia nta weusi.

Pili ni utambi, na hapa ndipo wengi hushindwa. Utambi uwe wa pamba tupu, usiwe na uzi wa nailoni hata mmoja. Pamba inalimwa mkoa huuhuu, Igunga na Nzega, hivyo hakuna la kuagiza. Nyuzi husukwa tatu tatu kama nywele, kwa sababu utambi uliosukwa hujikunja pembeni ya mwali na kuungua wenyewe bila kukatwakatwa. Nta ya nyuki ni nzito kuyeyuka kuliko parafini, inahitaji utambi mnene zaidi. Ukiwa mwembamba mno mwali unazama kwenye dimbwi lake. Ukiwa mnene mno unatoa moshi, na mtunza sakristia atakuja na kitambaa cha altare mkononi kuuliza ni nani. Hakuna kanuni moja. Tengeneza mishumaa midogo mitatu yenye tambi tatu tofauti, iwashe jioni moja, kaa uiangalie.

Tatu ni kuyeyusha. Nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 65 za Selsiasi, na ikizidi 85 hubadilika rangi. Isiwekwe kamwe moja kwa moja juu ya moto. Sufuria ndogo yenye nta hukaa ndani ya kubwa yenye maji, na mkaa uwe mchache, maji yasichemke kwa fujo. Mkubwa mmoja asimamie muda wote. Nta iliyopata joto kupita kiasi hushika moto kama mafuta ya kukaangia, na moto huo hauzimwi kwa maji: ukimwaga maji utalipuka usoni. Funika kwa mfuniko, au mwaga mchanga. Watoto wa Utoto Mtakatifu wakija, na watakuja, wakae upande wa kusuka tambi.

Mishumaa myembamba, kama ile ya ubatizo na ya waamini katika Kesha la Pasaka, hutengenezwa kwa kuchovya. Utambi unafungwa kwenye fito, unachovywa ndani ya nta sekunde mbili, unatundikwa upoe, unachovywa tena. Mara ya kwanza na ya pili unakata tamaa kwa sababu huoni kitu. Kufikia mara ya kumi umbo limeanza, na mara ya ishirini hadi thelathini mshumaa umekamilika. Ni kazi inayofaa sana kwa sala ya Rozari: fito kumi zinazunguka, na kila mtu anachovya wakati wa Salamu Maria yake. Mishumaa minene ya altare humiminwa kwenye kalibu. Mwanzi uliopasuliwa pande mbili, ukalowekwa kwenye maji ya sabuni na kufungwa tena kwa kamba, unatosha. Nta hujikaza ikipoa na huweza kupasuka, kwa hiyo funika kalibu kwa blanketi kuukuu ipoe pole pole. Utapata mshumaa wa rangi ya mahindi yaliyokomaa, usiopinda kirahisi hata Oktoba.

Kuna pingamizi moja ambalo silidharau, la mtu anayejua misitu. Atasema: mkiongeza hamu ya nta mtaongeza mizinga ya magome, na mzinga wa magome unauawa mti mzima, mtundu au myombo, kwa kubanduliwa ganda. Ni kweli. Jibu langu ni kwamba parokia isinunue wala kutundika mizinga ya magome. Itumie mizinga ya mbao, au ya magogo ya miti iliyokwisha kuanguka. Mjini Tabora kipo chuo cha serikali cha ufugaji nyuki, elimu haiko mbali.

Lakini naomba tutazame na adui mkubwa zaidi wa miombo. Wakulima wetu wa Urambo, Kaliua na Sikonge wanategemea tumbaku, na tumbaku ya mvuke hukaushwa ndani ya mabani kwa kuni. Ekari kwa ekari msitu unapanda juu kama moshi ili jani likauke. Siwezi kumwambia baba mwenye watoto watano aache tumbaku wakati ada yao inatoka humo. Nasema tu kwamba anayelima tumbaku anahitaji mti uliokatwa, na anayefuga nyuki anahitaji mti uliosimama na wenye maua. Parokia nyingi zina ardhi. Parokia inayojua kwamba mshumaa wake wa Pasaka unatoka kwenye miti ile pale nyuma ya nyumba ya mapadre itafikiri mara mbili kabla ya kuiuza kuwa kuni. Mahubiri ya mazingira nimeyasikia mengi mazuri. Sijaona bado hubiri lenye nguvu kama kuihitaji miti hiyo kila Dominika.

Pingamizi la mwisho ni la wale wanaosema taa za umeme zinatosha, hazidondoshi, haziunguzi. Kwa kuangazia kitabu, sawa. Kwa mshumaa, hapana: taa ya umeme haipungui inapowaka, na kupungua huko ndiko tunakotaka watu wakuone.

Nani afanye? Napendekeza WAWATA na VIWAWA washirikiane, na TYCS wakati wa likizo. WAWATA tayari wanatengeneza sabuni na batiki, sufuria wanazo na wanajua kusimamia moto kuliko frateri yeyote. Kalenda ya mwaka inajipanga yenyewe. Asali nyingi hurinwa kiangazi, Juni na Julai. Agosti nta inasafishwa. Novemba, kabla ya Majilio, mishumaa ya altare inamiminwa. Tarehe 7 Desemba ni kumbukumbu ya Mtakatifu Ambrosi, ambaye mapokeo yanamfanya msimamizi wa wafuga nyuki na watengeneza mishumaa, na siku hiyo kikundi kinaweza kuomba baraka ya vifaa vyake. Tarehe 2 Februari, sikukuu ya Kutolewa Bwana Hekaluni, mishumaa ya mwaka mzima inabarikiwa mbele ya waamini, na itakayozidi iuzwe pale mlangoni kwa familia zenye ubatizo. Kwaresima inabaki kwa mshumaa wa Pasaka: kuchonga msalaba, Alfa na Omega, na tarakimu nne za mwaka. Sisi mafrateri tutakaokuwa likizo tunaweza kupewa kazi hiyo ya kuchonga. Kama tutakosea tarakimu, nta huyeyushwa upya.

Na watunza sakristia waweke makopo mawili kabatini. Moja ni la masalia ya nta ya nyuki, ambayo yatarudi kwenye sufuria Novemba. La pili ni la masalia ya parafini ya mishumaa ya sasa. Yasichanganywe. Kama kuna shaka kipande ni cha aina gani, kikunjwe kidogo vidoleni na kunuswa.